Kumwongezea Kipofu Muda: Ni Hisani au ni Haki?

Kanyangi ni kata ya Ukambani, katika kaunti ya Kitui, mbali na bahari yetu. Katika jimbo lilo hilo, pale Kwa Vonza, pana Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2013. Vijana wa pwani nao hupelekwa vyuo vya bara. Basi khabari ya darasa la Kiingereza la huko yatuhusu, khasa ikiwa yumo kipofu au kiziwi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, imempa mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenziwe, na ya kutumia lugha ya ishara na maandishi ya Braille. Lakini wako wasemao: akiisha kuingia, na apimwe kwa kipimo cha wenziwe, kumwongezea muda ni kumpendelea.

Tuitazame hoja hii kwa insafu. Braille ya Kiingereza ina vifupisho vingi: neno knowledge, yaani elimu, huandikwa kwa herufi moja tu, k. Kijana aliyesoma hivyo tangu utotoni amelipitia neno hilo kwa kidole mara nyingi mno, asiguse herufi zake tisa. Akikosea kuliandika, huambiwa ni mvivu! Na kiziwi aliyekulia katika lugha ya ishara, yenye sarufi yake mbali, Kiingereza hukipokea kwa macho tu. Mwalimu anenapo ameuelekea ubao, huyo hana alipatalo.

Ikiwa mtihani wapima Kiingereza, muda unaopotea katika kupapasa karatasi si Kiingereza, na kuurejesha ni kulipa deni. Ama kumpa alama asizozistahiki, hiyo ni dharau iliyovaa kanzu ya huruma, na mwanafunzi ndiye wa kwanza kuitambua. Limebaki jambo zito, nalo ni mtihani wa kusikiliza na kutamka. Twaona kiziwi apimwe kwa kusoma na kuandika, na hati yake iseme wazi alichopimwa.

Na sisi tusomao Sura ya Abasa tuna udhuru gani? Ibn Umm Maktum, kipofu aliyekuja kutaka elimu, ndiye aliyeteremshiwa aya zile. Baadaye aliadhini Madina pamoja na Bilal. Na kwa kuwa haioni alfajiri, watu humwambia kumekucha, ndipo huadhini. Wala adhana yake haikuhesabiwa pungufu. Je, katika madrasa za mji wetu, ni ngapi zilizo na msahafu wa Braille?