Benchi la Siku ya Dripu

Usiku wa dripu yangu ya kwanza ya dawa ya kansa niliamka kwenda msalani nikaona mkojo mwekundu. Nilimwamsha mume wangu huku nalia. Kufikia alfajiri tulikuwa tumeshakubaliana kwamba dawa ile inaniua na sitarudi tena. Wifi yangu, ambaye ni muuguzi mkoani, ndiye aliyetutoa hofu kwa simu: doksorubisini yenyewe ni nyekundu kama juisi ya rozela, na rangi yake hutoka kwenye mkojo kwa siku moja au mbili. Si damu. Kunywa maji.

Nilikotibiwa hakuna aliyenitajia jambo hilo. Sina kinyongo, nilimwona muuguzi wa siku ile akihangaika peke yake na chumba kizima. Lakini nusura niache matibabu kwa kukosa maneno mawili.

Ndiyo maana, huu mwaka wa saba tangu nikatwe titi la kushoto, kila Jumanne naketi benchini na wanawake wanaosubiri dripu. Silipwi. Nina daftari, kalamu, na mfuko wa vifuko nilivyoshona kwa kanga kuukuu na kujaza mtama ili vipate uzito. Anayetaka huweka kimoja kwenye sidiria, upande uliokatwa.

Kazi yangu kubwa ni kuuliza. Mama anatoka kwa daktari na karatasi ya majibu ya kinyama alichokatwa kwa kipimo. Namuuliza ameambiwa nini. Mara nyingi hajui, ameitikia tu, "Ndiyo, daktari." Basi tunarudi ndani wote wawili. Je, kansa yake inachochewa na homoni? Jibu hilo ndilo linaloamua kama atameza tamoksifeni kila siku kwa miaka mitano, pengine kumi. Tumelelewa tukiona kumhoji mkubwa ni utovu wa adabu. Adabu hiyo naipenda nyumbani kwangu. Kwenye chumba cha daktari inatuua.

Kuchelewa nako kunatuua. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mwanamke afike kituoni na uvimbe wake. Mimi nilikaa na kivimbe changu miezi minane kabla ya kufika popote, kwa sababu hakikuuma.

Neno moja nimeacha kulitamka: utapona. Nilimwambia hivyo dada mmoja ambaye kansa ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Alinitazama, akageukia ukutani. Baadaye nilijua alitaka kuzungumzia wanawe, watabaki na nani, nami nilikuwa nimemziba mdomo. Alifariki kabla ya masika, na bado namkumbuka kila nikikaa upande ule wa benchi. Siku hizi nasema tu kwamba Jumanne ijayo nitakuwepo.

Juma lililopita alikuja binti wa miaka 29, amefuatana na mama yake. Nilimweleza habari ya nywele, kwamba zitaanza kutoka kama wiki ya pili au ya tatu. Nikamweleza ni lini arudi mbio hospitali: akipata homa, hata ikiwa usiku wa manane. Kisha nikamweleza habari ya wekundu.

Saa nane usiku ujumbe ukaingia kwenye simu yangu.

"Shikamoo mama. Ni mwekundu kweli, kama ulivyosema. Nimekunywa maji, narudi kulala."