Siri ya Mtoto, Mzigo wa Mnasihi

Muhula wa mazoezi ya kufundisha nilipangwa katika shule moja ya sekondari huku Rubongi, wilaya ya Tororo. Mwalimu niliyekaa naye meza moja alinizidi miaka mitatu tu. Alikuwa ameajiriwa mwaka huo huo, na hata kabla hajazijua njia zote za shule alikabidhiwa ufunguo wa chumba kidogo kando ya stoo. Akaambiwa kuwa kuanzia siku hiyo yeye ndiye mwalimu mwandamizi wa kike, yaani mnasihi wa wasichana wote wa shule. Uandamizi wake ulikuwa na umri wa wiki tano.

Siku moja msichana wa kidato cha pili alimfuata chumbani. Karo ilikuwa imekwama, na shangazi yake alikuwa amemtafutia kazi ya nyumbani Nairobi. Wangevuka mpaka Malaba mwisho wa wiki ile. “Usimwambie mtu, Madamu,” alisema. Madamu akaahidi. Usiku hakulala. Kesho yake alimwendea mwalimu mmoja mzee aliyewahi kuifanya kazi hiyo, akamweleza. Mzee akauliza jina, akapewa. “Niachie mimi, mwanangu,” akasema, kisha akampigia simu baba wa mtoto. Jumatatu yule msichana alipita mbele ya chumba cha unasihi bila kusalimia. Jumatano dawati lake lilikuwa tupu.

Chumba cha walimu kiligawanyika. Wengine walisema kosa ni la kijana, kwa kuahidi asichoweza kutimiza. Wengine walisema kosa lake ni kuitoa siri. Kila nikilifikiria jambo hili naona tunauliza swali nusu. Tunauliza mnasihi mpya alikosea wapi, ilhali hatuulizi wakongwe wanamdai nini na wao wanadaiwa nini naye. Basi swali la insha hii ni hili: anayemlea mnasihi mpya ana haki ya kujua nini, na ana wajibu gani?

Tuanze na jambo ambalo wengi tutakubaliana. Hapa Uganda daktari aliyemaliza chuo hufanya kazi mwaka mzima chini ya uangalizi kabla ya kuachwa peke yake na wagonjwa. Hakuna anayeona kuwa anadharauliwa. Tunajua kwamba mikono mipya hukosea, na kwamba mgonjwa hapaswi kuwa kitabu cha mazoezi. Kwa nini basi moyo wa mtoto tuuone mwepesi kuliko mguu uliovunjika? Shule zetu zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Wanafunzi walirudi na mambo mazito: mimba, vifo vya wazazi, kazi za sokoni na mpakani. Mtu mmoja asiye na mlezi hawezi kuyapokea yote hayo akabaki salama.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama ukiwa mbali, ni mwepesi. Ndiyo maana mkongwe hushawishika kuamua upesi: yeye hakuiona ile sura wala hakutoa ahadi. Neno “niachie mimi” linasikika kama msaada. Kwa kweli linamnyang’anya mnasihi kazi yake na mtoto siri yake kwa wakati mmoja.

Kwa maoni yangu tunapaswa kutenganisha mambo matatu ambayo siku ile yalichanganywa. La kwanza ni siri yenyewe, pamoja na jina: hiyo ni mali ya mtoto. La pili ni tatizo: mwanafunzi anataka kuacha shule aende kufanya kazi, nifanyeje? Hilo linaweza kusemwa bila jina. La tatu ni mzigo: hofu, kukosa usingizi, mashaka ya mnasihi juu ya nafsi yake. Huo ni mali ya mnasihi, na ana haki kamili ya kuutua mbele ya mtu anayemwamini. Mlezi mwema hupokea la pili na la tatu. La kwanza halitaki. Akiambiwa jina kwa bahati mbaya, hulifunika. Badala ya “mtoto huyo ni nani?” huuliza “wewe ulimjibu nini, na kesho utamwambia nini?”

Huenda msomaji akanipinga kwa hoja mbili. Ya kwanza: Rubongi ni padogo. Ukisema “msichana wa kidato cha pili ambaye shangazi yake yuko Nairobi,” tayari umemtaja. Ni kweli, na ndiyo maana nadhani mlezi wa mnasihi asitoke katika shule ile ile, wala asiwe mtu anayeketi katika kamati ya nidhamu. Atafutwe Tororo mjini, au hata ng’ambo ya mpaka, Busia. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na matatizo ya watoto wa pande zote mbili hupita barabara ile ile.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: na ikiwa mtoto yuko hatarini? Je, tulinde siri hadi aumie? La. Kuna mambo yasiyoweza kubaki chumbani. Sheria inamlinda kila aliye chini ya miaka 18 dhidi ya kunajisiwa, na ipo namba 116, simu ya watoto ambayo Uganda imeipa jina la Kiswahili, Sauti. Lakini kuvunja siri kwa haki kuna utaratibu wake. Mtoto huambiwa mipaka kabla hajafungua kinywa. Huambiwa tena kabla hatua haijachukuliwa, na huulizwa ni mtu mzima yupi angependa aambiwe kwanza. Yule mzee pengine alikuwa sahihi kwamba kunyamaza hakungemwokoa msichana. Hata hivyo, baada ya simu ile aliondoka akiwa hana mtu mzima hata mmoja wa kumpigia siku atakapotaka kurudi.

Nilipomaliza mazoezi, rafiki yangu alikuwa bado na ufunguo. Sasa kila mwanafunzi anayeingia humwambia kwanza: “Mengi nitayatunza. Lakini ukiniambia kwamba unaumizwa au utaumia, tutatafuta msaada pamoja, na utajua kabla ya mtu mwingine kujua.” Ni maneno mazuri. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akaelekeza kidole kwenye darasa la kidato cha pili.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa suala hili. Tunasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwa kawaida aliyekosa mafunzo ndiye anayelipa. Kwa mnasihi sivyo. Yeye akikosa mlezi, anayelipia mafunzo yake ni mtoto. Kwa hiyo kumlea mnasihi mpya katika miaka yake ya mwanzo si hisani tunayomfanyia kijana. Ni deni letu kwa watoto ambao bado hawajabisha mlango wake.