Mikali Dirishani, Dramu Kanisani

Andiko la wiki: 2 Samweli 6:1–23



Tarehe 16 Septemba 1965, Kanisa Kuu la Grace la Waanglikana wa San Francisco, Marekani, lilimpokea Duke Ellington na bendi yake ya jazi kwa tamasha la muziki mtakatifu. Utunzi mkuu wa usiku ule ulijengwa juu ya maneno yanayofungua kitabu cha Mwanzo. Ilifika mahali bendi ikamwachia nafasi Louie Bellson, akabaki peke yake na dramu zake. Huyu alijulikana kwa kupiga dramu mbili za besi, moja kwa kila mguu. Baadaye alisimulia kwamba alisita kupiga solo kanisani, Ellington akamwambia kuwa hapo mwanzo palikuwa na radi na ngurumo, na kazi hiyo ni yake.

Si wote waliofurahi. Desemba 1966, tamasha lilipopelekwa Washington, umoja wa wachungaji wa Kibaptisti wa mji ule ulikataa kuliunga mkono. Kwao, muziki wa Ellington na maisha yake ya kumbi za usiku havikufaa kuhusishwa na kanisa.

Mvutano huo hata sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunao. Iwe Iringa au Mbeya, kijana wa kwaya akiachiwa dakika mbili za dramu kati ya beti, ibada hugawanyika palepale. Akina mama hupiga vigelegele. Vijana hunyanyua simu. Mzee wa kanisa hukunja uso na kumuuliza jirani yake, "Hapa kanisani au kwenye dansi?"

Tusimcheke mzee huyo, swali lake lina mizizi. Wamisionari Wamoravian na wenzao wa misheni ya Berlin walipofika Unyakyusa mwaka 1891, walituletea Injili pamoja na nyimbo za Kijerumani, na baadaye matarumbeta. Wengi wao waliiona ngoma kuwa alama ya upagani. Basi tarumbeta likaingia ndani, ngoma ikabaki nje. Miaka ya 1980 Iringa ilikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, na wahubiri wengi wa wakati ule waliwaonya waumini wakae mbali na kumbi za dansi. Aliyelelewa hivyo, akisikia dramu Jumapili asubuhi hukumbuka Jumamosi usiku.

Sasa tumwangalie Daudi. Sanduku la Bwana linaingia mjini, mfalme anacheza kwa nguvu zake zote, watu wanapiga kelele za shangwe. Mikali, binti Sauli, anatazama kutoka dirishani, na moyo wake unajaa dharau. Walio barabarani wanaliona Sanduku na mfalme kwa pamoja. Yeye, kwa mahali alipo, anamwona mumewe tu, na aibu ya mume kujidhalilisha mbele ya vijakazi. Daudi anamjibu kwamba alicheza mbele za Bwana. Mikali hakuuliza jambo hilo kabla ya kuhukumu.

Lakini sura hiyohiyo inamwonya pia mpiga dramu. Safari ya kwanza ya Sanduku ilikuwa na vinubi, matari na matoazi, muziki ukarindima, na bado Uza, aliyelishika Sanduku, akafa njiani. Sanduku lilikuwa limepandishwa kwenye gari, wakati Torati iliagiza Walawi walichukue mabegani. Ustadi na shangwe havikuziba pengo la utii. Kijana anayepiga akiwinda makofi, au anayezima maneno ya wimbo hadi bibi wa kiti cha nyuma asisikie anachokiimba, ajue kwamba Mungu anaweza kupokea sauti ya dramu na asiipokee sadaka yake.

Ellington mwenyewe aliamini kwamba mtu akimtolea Mungu kwa moyo kile anachokiweza kuliko vyote, hatakataliwa kwa sababu ya chombo anachokipiga. Naafiki, nikiongeza kipimo cha Paulo katika 1 Wakorintho 14: yote yafanyike ili kujenga. Dramu iliyowafanya watu waingie katika sala wakiwa na mioyo iliyo wazi imejenga. Iliyowaacha wakilijadili jina la mpigaji hadi mahubiri yakapita haijajenga.

Wazee wangu, Jumapili hii tokeni dirishani. Sikilizeni hadi mwisho, kisha mwiteni kijana mzungumze naye uso kwa uso, badala ya kumsema nje ya lango. Vijana, ombeni kabla ya kushika vijiti, na solo ikiisha, rudisheni wimbo kwa kusanyiko, kwa maana wimbo ni wao. Na wewe uliyerekodi kwa simu, iweke mfukoni, uimbe.