Zamu Yako

Faili lilikaa kwenye barua pepe yangu siku 19. Kichwa cha ujumbe kilikuwa kifupi: "Zamu ya 212. Wewe." Kila asubuhi nililiona nikitafuta mambo mengine, risiti ya stima au jibu la kazi niliyoomba, nikalipita kama mtu aliyemwona anayemdai ng'ambo ya barabara. Nilijiambia niko bize. Ukweli ni kwamba nilikuwa napigwa.

Wacha nieleze mchezo wenyewe. Tuko wanne. Tulisoma sekondari pamoja, kisha maisha yakatutawanya: mmoja yuko Kisumu, mwingine Eldoret, mwingine ni mlinzi wa jengo kule Doha, nami niko Nairobi. Tunacheza Civilization IV, gemu ya mwaka 2005 ambayo hata laptopu kuukuu inaibeba. Unaanza mwaka 4000 kabla ya Kristo ukiwa na mji mmoja, unavumbua maandishi, unaunda jeshi, unampiga jirani. Saa ambayo sote wanne tuko huru haipo, kwa hivyo tunacheza kwa barua pepe. Mimi nafungua faili kwa neno langu la siri, nasogeza majeshi, nafunga zamu, natuma Kisumu. Kisumu anatuma Eldoret, Eldoret anatuma Doha, Doha anarudisha Nairobi.

Kwa kasi ya kawaida mchezo mzima ni zamu 500. Faili likizunguka kwetu sote kila siku, huo ni mwaka mmoja na miezi minne na ushee. Kila mtu akijichukulia siku yake nzima, ni siku 2,000, zaidi ya miaka mitano. Unaweza kuoa, kupata mtoto na kumpeleka PP1 kabla vita havijaisha.

Subira ya aina hii si mpya. Kati ya 1824 na 1828, klabu za sataranji za Edinburgh na London zilichezana kwa barua, enzi ambazo barua ilisafiri kwa gari la farasi. Miaka minne ya kumngoja mtu ambaye humwoni. Na hapo ndipo maswali yanapoanzia: unamdai nini mtu usiyemwona, na yeye anakudai nini?

Swali la kwanza ni la wizi. Kwenye drafti ya vizibo pale steji huwezi kuiba. Kuna wasee sita wamesimama nyuma yako, na kila mmoja ni refa. Kwa barua pepe uko peke yako chumbani saa tano usiku. Unashambulia mji, kompyuta imekuambia una nafasi ya asilimia 80, halafu unashindwa. Kinachokuzuia kulifungua faili upya, kana kwamba hakuna kilichotokea, ni vidole vyako tu. Waliotengeneza gemu walijaribu kuziba mwanya huo: usipobadilisha mipangilio, ukirudia shambulio lile lile dadu inaanguka vile vile. Lakini ukitanguliza jeshi lingine, matokeo yanaweza kugeuka. Najua kwa sababu nilifanya. Ilikuwa mara moja tu, mwanzoni, dhidi ya yule wa Doha. Mji wake wa tatu niliuchukua hivyo.

Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, ana mhusika anayesimulia habari za mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Mchungaji hakupoteza muda. Alimtongoza malkia, akamuua mfalme, akatwaa ufalme. Swali la hadithi ni nani angebaki mwema akiwa na pete kama hiyo. Kwa muda mrefu nilidhani hilo ndilo swali kuu la kucheza na watu wasiokuona. Siku hizi naliweka la pili.

Mwaka 1938 mwanahistoria Mholanzi Johan Huizinga alichapisha Homo Ludens, kitabu kinachouchukulia mchezo kama msingi wa utamaduni. Humo anawatofautisha watu wawili: anayeiba mchezoni na anayeuvunja mchezo. Anaona kwamba jamii humvumilia mwizi kuliko mvunjaji. Mwizi bado anajifanya anacheza. Anaukubali uwanja na mipaka yake, ndiyo maana anataka kushinda ndani yake. Mvunjaji anajiondokea tu, na kwa kuondoka anawaonyesha waliobaki kwamba uwanja wao ulikuwa chaki tu ardhini.

Mfano mzuri ni Diplomacy, mchezo wa Mmarekani Allan Calhamer uliotoka mwaka 1959. Tangu 1963 watu wameucheza kwa posta, na baadaye kwa barua pepe. Wachezaji ni saba, kila mmoja na dola moja ya Ulaya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuna dadu. Unaahidi, unabembeleza, unaapa, halafu unaandika amri za majeshi yako kwa siri. Uongo unaruhusiwa, na kila anayekaa mezani anajua hivyo. Kisichovumilika ni kutotuma amri. Ukinyamaza, majeshi yako yanasimama palepale kama masanamu, jirani anakula ardhi ambayo hakuitolea jasho, na mshirika aliyekutegemea anaanguka pamoja nawe. Usaliti ni sehemu ya mchezo wao, lakini kimya cha mtu mmoja kinawaharibia wengine sita.

Yaani unaruhusiwa kumdanganya mwenzako mchana kweupe, lakini huruhusiwi kumnyamazia. Mwanzoni niliona ni ajabu. Sasa naona ina maana: anayekudanganya bado anashughulika na wewe.

Rafiki yangu mmoja hapa Nairobi alicheka nilipomweleza haya. Ni gemu tu, akasema. Hulipwi, hukutia sahihi popote, na muda wako ni wako. Ana hoja, na sitaki kuipita haraka. Kila kitu siku hizi kinatudai: kazi, familia, grupu za WhatsApp ambapo tiki mbili za buluu zimekuwa kama hati ya mashtaka. Ikiwa hata starehe itageuka deni, tutapumzikia wapi? Tena kuna mwezi ambao mtu amefiwa au amefutwa kazi na hata kuamka ni mlima. Mtu huyo hadaiwi chochote na faili la mishale na farasi.

Lakini kuondoka na kuingia mitini si kitu kimoja. Kuondoka ni sentensi moja: jamani nimechoka, tafuteni mwingine aichukue nchi yangu. Dakika moja haiishi. Kwenye sataranji, kukubali kwamba umeshindwa ni adabu. Anayechukiwa ni yule ambaye mchezo umemwendea kombo, naye anazimaliza siku zake zote za kufikiri juu ya hatua iliyo wazi, akitumaini mpinzani atachoka kwanza. Mimi sikuwa nimeondoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na watu watatu nyuma yangu, siendi mbele wala siwapishi.

Kuna kitu kingine nilichokuwa nakikwepa. Mama yangu yuko kwenye chama tangu nikiwa shule ya msingi. Wako wanawake 12. Kila mwezi wote wanatoa na mmoja anapokea. Yeyote aliyekulia karibu na chama anajua mtu wa kuogopwa ni nani. Anayekwama mwezi mmoja na kusema amekwama, huyo wanaongea naye. Wa kuogopwa ni yule anayepokea mapema kisha anazima simu. Amekula michango ya wenzake 11, na ilipofika zamu yake ya kutoa akawa hapatikani.

Sasa angalia mchezo wetu. Zamu 100 za kwanza nilikuwa juu. Siku hizo faili likifika najibu ndani ya saa moja, na mzaha juu. Raha yote hiyo ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwa yule wa Doha. Baada ya mimi kumnyang'anya miji mitatu, mmoja kwa wizi, alibaki na kijiji kimoja kwenye kisiwa cha barafu karibu na pwani yangu. Hakuwa na njia yoyote ya kushinda. Na bado kila asubuhi akitoka kazini, kabla ya kulala, alifungua laptopu, akafanya lile dogo aliloweza, akatuma. Hakuchelewesha hata mara moja. Kama angeacha, mimi nisingebaki na ushindi. Ningebaki na faili lililokufa. Miezi yote niliyokuwa napokea, yeye alikuwa anatoa. Kisha meza ikageuka, Eldoret akaanza kunipiga, ikawa zamu yangu ya kutoa, nami nikazima simu.

Hiyo ndiyo hoja yangu, na sidhani inahusu gemu peke yake. Raha ya anayeshinda inabebwa na anayeshindwa ambaye hajaondoka. Ukishaionja raha hiyo, una deni, na deni lenyewe linalipwa kwa njia moja: siku yako ya kushindwa ikifika, uwepo.

Kiswahili kinalitumia neno moja kwa haya yote. Zamu ni nafasi yako ya kucheza, ni nafasi yako ya kupokea kwenye chama, na ni saa za askari aliye langoni. Aliyeshika zamu hajipi sifa. Ila kuna mtu ndani ya jengo amelala vizuri kwa sababu yeye yuko macho.

Siku ya 19 ujumbe ulikuja kutoka Doha, kwangu peke yangu. "Niaje buda. Uko sawa lakini? Kama mambo si poa achana na gemu, tutangoja. Nilitaka tu kujua uko." Niliusoma mara tatu. Mtu anayekesha usiku kucha akilinda lango la watu asiowajua alikuwa amepata nafasi ya kuwa na wasiwasi juu yangu, nami kilichoniuma siku zote hizo ni mji wa kuchorwa.

Nilifungua faili. Majeshi ya Eldoret yalikuwa nje ya mji mkuu wangu na hakukuwa na la kufanya. Nikafanya hilo lisilo na faida, nikafunga zamu, nikatuma. Kwenye barua niliwaomba wote radhi kwa siku 19, na nikaungama kuhusu ule mji wa tatu. Nikamwambia wa Doha kwamba niko tayari kumrudishia kwa mkataba, bila masharti.

Kisumu alituma uso wa kucheka. Eldoret aliuteka mji mkuu wangu siku hiyo hiyo bila huruma, jinsi inavyotakiwa. Doha hakugusia mji wala mkataba. Lakini faili liliporudi Nairobi nilikuta mashua yake ya pekee imevuka maji na kushusha wapiga mishale wawili nje ya ukuta wa mji ule ule niliomwibia.

Wawili hawatoshi kuuchukua, naye anajua. Nimebaki na miji miwili. Nimepanga askari wote nilionao ukutani, nimefunga zamu, nimetuma Kisumu.