Mtoto, Ndege na Sahihi ya Mzazi



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo alinifuata kivulini nje ya kanisa, akanionyesha karatasi. Ilikuwa fomu ya programu ya vijana wa shule. Siku za Jumamosi wafundishwe mambo ya usafiri wa anga, na mwisho wa mafunzo wapandishwe ndege ndogo pamoja na mwalimu wao. Binti yake wa miaka 15 alikuwa amekwisha kuijaza yote kwa mwandiko safi. Palibaki mahali pamoja tu patupu, napo ni pa sahihi ya mzazi.

“Mzee,” aliniuliza, “nikikataa, je, nitakuwa nimemkosea mtoto? Na nikikubali, kisha likatokea la kutokea, nitajisamehe?”

Swali hili si lake peke yake. Kila mzazi atalikuta, kama si kwa ndege basi kwa safari, kwa kazi au kwa ndoa. Kwa hiyo nimeona vema tulifikiri pamoja.

Hofu ya mama huyu ina sababu. Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam kwenda Bukoba ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja ilikotaka kutua. Walikuwamo watu 43, na 19 kati yao walikufa. Tangu siku ile, aliniambia, akisikia ndege juu ya paa za Kariakoo huacha kupima kitambaa mpaka ipite.

Nikamwuliza binti yake hushinda wapi siku za Jumamosi. “Dukani, pamoja nami,” akajibu. Kisha tukanyamaza wote wawili, maana tulikumbuka Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, lilipoporomoka jengo la ghorofa pale pale Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Wengi wao walikuwa wametoka nyumbani asubuhi kwenda dukani tu. Sikumkumbusha hayo ili kumsuta. Nilitaka tuone jambo moja: hatari tuliyoizoea hatuiiti hatari tena, twaiita maisha. Mtoto huvuka Msimbazi katikati ya mikokoteni na bodaboda, wala hakuna fomu ya kutiwa sahihi.

Tena tukumbuke kwamba siku ile ya Bukoba watu 24 walipona. Miongoni mwa waliowakimbilia kwanza walikuwa wavuvi, kijana Majaliwa Jackson akiwa mmojawao. Kila mmoja wa wavuvi wale alikuwa mtoto ambaye siku moja aliachwa aingie majini. Kama wote wangalifungiwa nchi kavu, ni nani angalipiga kasia?

Lakini tusiharakishe kumwambia mama, “Tia sahihi.” Upande wa pili nao una kosa lake. Mume wake hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa amekwisha kumwita bintiye “Kapteni” mbele ya wateja, na kuwaambia wenzake barazani kwamba nyumba yake italeta rubani. Hapo nikakumbuka habari ya Marekani ya mwaka 1996.

Mtoto wa kike wa miaka 7, Jessica Dubroff, alikuwa akivuka nchi ile kwa ndege ndogo, pamoja na baba yake na rubani aliyekuwa mwalimu wake, ili ajulikane kuwa mtoto mdogo kuliko wote kuifanya safari hiyo. Magazeti na televisheni waliwafuata. Asubuhi ya tarehe 11 Aprili, pale Cheyenne, mvua ya radi ilikuwa inakaribia na ndege ilikuwa na uzito kupita kiasi. Wakaondoka hata hivyo. Haikuruka mbali, wote watatu wakafa. Wachunguzi walisema kosa kubwa lilikuwa uamuzi wa rubani kuruka katika hali ile, na kwamba tamaa ya kuifuata ratiba yao, pamoja na ahadi walizowapa waandishi wa habari, ilichangia.

Katika matanga yetu twapenda kusema, “Ajali haina kinga.” Ni neno la kufariji wafiwa, wala silidharau. Lakini Cheyenne kinga ilikuwapo, nayo ilikuwa nyepesi: mtu mzima mmoja kusema, “Leo hatuendi.” Wazee wetu walikwisha kutuonya kwamba haraka haraka haina baraka.

Basi, tazameni. Mama alitaka kumzuia mtoto ili moyo wake yeye mama utulie. Baba alitaka kumtoa ili jina lake yeye baba likue. Wote wawili wampenda, na wote wawili walikuwa wakijitazama wenyewe. Mtoto ni amana. Amana haifukiwi kwa hofu, wala haiwekwi rehani kwa fahari.

Twamsoma Hana, ambaye alimwomba Mungu mtoto kwa machozi, kisha akamwachia Samweli aende kukaa mbali naye. Lakini kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Mwenye kushona kanzu kila mwaka sharti ajue mtoto amekua kiasi gani. Yeye alimwachia mtoto, ila hakuacha kumjua.

Kwa hiyo nilimshauri mama aulize maswali matatu kabla ya kutia sahihi. Kwanza, katika mafunzo hayo ni nani mwenye amri ya kusema “leo hatuendi,” na je, amewahi kuitumia? Mwalimu anayejibu kwa fahari kwamba hawajaahirisha hata siku moja, asipewe mtoto. Pili, mtoto akichoka au akiogopa, aweza kuacha bila kuonekana ametuaibisha? Tatu, hii ni haja ya nani? Kwa kanuni za kimataifa leseni ya rubani binafsi haitolewi chini ya miaka 17, wala ile ya kurusha ndege kwa malipo chini ya miaka 18. Sheria yenyewe yaweza kungoja. Mbona sisi tusiweze?

Swali la tatu halikuwa limeulizwa nyumbani mwao. Tukamwita binti. Akaniamkia, akasimama kando ya mama yake. Nikamwuliza kama anataka kuwa rubani. Akatazama chini, kisha akasema, “Hapana, babu. Nataka kujua kwa nini haianguki.”

Kumbe alipenda injini na mabawa! Hapa hapa mjini, Mabibo, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji hufundisha ufundi wa ndege, na mtoto huyu alikuwa amekwisha kulijua hilo. Wazazi wake waligombana majuma mawili juu ya rubani ambaye hakuwapo.

Mama alikwenda mwenyewe kuwaona walimu, akauliza maswali yake. Mmoja alimjibu kwamba mwezi uliopita waliwarudisha vijana nyumbani kwa sababu ya upepo, nao walilia. Jioni ile alitia sahihi. Aliniambia mkono wake ulitetemeka, na bado ndege ikipita huacha kupima kitambaa. Sikumwambia aache. Mzazi haamriwi asiogope. Ila hofu yake isimtangulie mtoto mlangoni na kufunga.

Nanyi wenye fomu mezani, kabla ya kuchukua kalamu, mwiteni mtoto mumwulize.