Kidonge cha Jioni

Jioni moja ya Alhamisi, katika ibada ya jumuiya, mama mmoja wa usharika wetu alisimama kutoa ushuhuda. Kwa miaka kadhaa alikuwa akitumia dawa kwa sababu ya moyo kupiga bila mpangilio. Juma lililotangulia tulikuwa tumemwombea, na tangu siku ile, alisema, moyo wake ulikuwa umetulia. Hakuusikia tena ukidunda kwa ghafla usiku, wala hakuishiwa pumzi alipopanda kilima na ndoo ya maji. Basi akatangaza kwamba vidonge amevitupa, kwa kuwa aliyeponywa na Bwana hana haja navyo. Tulipiga makofi. Tuliimba. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kama alikuwa amerudi kliniki.

Hazikupita wiki nyingi. Alfajiri moja alishindwa kuinua kikombe cha chai, mdomo ukapinda upande, maneno yakakataa kutoka. Kilikuwa kiharusi. Yu hai kwa neema ya Mungu, lakini mkono wake wa kulia haujarudi kuwa kama zamani.

Tangu asubuhi ile liko swali ambalo hatuwezi kulikwepa. Ile Amina tuliyoitikia kwa sauti kubwa, ilikuwa ya imani, au ilikuwa ya watu wanaopenda kusikia habari nzuri? Na mtu anayeishi na ugonjwa wa kudumu, anayemeza kidonge chake kila jioni, je, anamtumaini Mungu kidogo kuliko yule anayekitupa? Tunaamini jibu ni hapana. Lakini kuamini hivyo hakutoshi. Tunapaswa kueleza kwa nini, kwa maana deni letu kwa mama yule ni kubwa.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Katika ugonjwa huu vyumba vya juu havijiminyi kwa pamoja. Hupapatika tu, kama kuku aliyefungwa miguu. Damu isiyosukumwa vizuri hutuama, na damu inayotuama huganda. Bonge dogo likichomoka huko likafika kwenye ubongo, huziba mshipa, na hapo ndipo kiharusi kinapotokea. Madaktari wanatuambia kwamba mwenye ugonjwa huu yumo katika hatari ya kiharusi takribani mara 5 kuliko asiye nao. Sababu zake ni nyingi, zikiwemo shinikizo la juu la damu, umri mkubwa na ulevi. Kwetu Afrika Mashariki ipo pia sababu inayowapata hata vijana: homa ya rumatiki, inayofuata maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, ikaacha vali za moyo zimeharibika. Ndiyo iliyompata mama yetu.

Dawa zake, kwa ufupi, zina kazi mbili. Zipo za kuweka mapigo sawa au kupunguza kasi yake, na zipo za kuzuia damu isigande. Kazi ya hizi za pili mgonjwa haioni. Hazimwondolei maumivu wala hazimpi nguvu. Akizimeza hasikii kitu, akiziacha hasikii kitu, hadi siku bonge linapochomoka. Tena mapigo yenyewe yanaweza kutulia kwa siku au wiki kadhaa kisha yakavurugika tena, na wengi hawasikii yanapovurugika. Kwa hiyo utulivu ule ambao mama yetu aliuita uponyaji haukuwa ushahidi wa kutosha. Sisi tuliumeza ushahidi huo pamoja naye.

Hapa tunakutana na jambo ambalo kanisa limelifundisha siku zote. Tunaambiana kwamba imani haitegemei hisia. Mtu huomba hata siku asiyojisikia kuomba, husamehe hata kabla hasira haijaisha, huja ibadani hata moyo ukiwa mkavu. Mgonjwa anayemeza kidonge asichokihisi, kwa ajili ya hatari asiyoiona, kwa kutegemea neno la mwingine aliyempima, anafanya jambo linalofanana sana na hilo. Aliyekitupa kwa sababu amejisikia vizuri ndiye aliyetegemea hisia. Tulidhani tunashangilia imani, kumbe tulikuwa tukishangilia hisia iliyovaa nguo za imani.

Wako wapendwa watakaotujibu kwa Maandiko, nao wanastahili kusikilizwa. Watatukumbusha mfalme Asa, ambaye katika 2 Nyakati 16 analaumiwa kwa kuwatafuta waganga alipougua miguu. Hoja hiyo ni nzito, lakini tuisome yote. Lawama ya Asa ni kwamba hata katika ugonjwa wake hakumtafuta Bwana. Aliwafanya waganga kuwa badala ya Mungu. Kosa lipo katika neno "badala". Na kosa hilo linaweza kugeuzwa likawa bado kosa: mtu akiufanya mwujiza autakao kuwa badala ya Mungu, naye amemwacha Mungu.

Tumtazame sasa Hezekia. Mungu alimwahidi kwa kinywa cha Isaya kwamba atapona na kuongezewa miaka 15. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa. Hata hivyo Isaya aliagiza tini zipondwe na kubandikwa juu ya jipu, na mfalme hakulalamika kwamba tini zinaidharau ahadi. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na udhaifu wake wa mara kwa mara. Paulo huyo huyo alikuwa amewaombea wagonjwa wakapona, lakini kwa mtoto wake katika imani alitoa ushauri wa mezani. Msamaria mwema naye alitibu majeraha kwa mafuta na divai, kisha akalipia matunzo ya siku zijazo.

Na wale wakoma kumi wa Luka 17? Yesu aliwaambia wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya wakati ule ndio waliokuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba mtu ametakasika. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Kama Mungu ameuponya moyo wa ndugu yetu, mashine ya kupima mapigo haitamwaibisha Mungu. Basi ushuhuda na urudi kwanza kliniki, na daktari ndiye aseme dawa ipi ipunguzwe, ipi iendelee. Maana wapo ambao mapigo yao yametulia na bado wanahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda.

Hatusemi haya kwa kuwacheka wanaotafuta uponyaji. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2011, maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, kupata kikombe. Walikuwamo wasomi na wasiosoma, viongozi na wakulima, na baadhi yao waliacha dawa walizopewa hospitalini. Watu wale hawakuwa wajinga kuliko sisi. Walikuwa wamechoka. Ugonjwa wa kudumu unachosha, kwa sababu haukupi siku ya kusema umekwisha. Anayemwambia mgonjwa "endelea na dawa" bila kuujua uchovu huo hajamsaidia.

Kwa maana kidonge si kimoja tu. Nyuma yake kuna maamuzi madogo kila siku. Dawa inayotumika sana kwetu ya kuzuia damu kuganda ni warfarini, nayo inahitaji kipimo cha damu cha mara kwa mara kiitwacho INR. Kwa wagonjwa wengi wa aina hii hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu huganda. Kikipanda sana, damu inaweza kuvuja hata ndani ya ubongo. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Haimaanishi mgonjwa aache mboga. Maana yake ni kwamba ale kwa kiasi kisichobadilika sana, si kisamvu wiki nzima kisha wiki tatu bila jani. Kufunga chakula kwa siku nyingi nako hubadilisha nguvu ya dawa. Vidonge vya maumivu vya dukani kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu. Mitishamba mingine hugongana nayo pia. Na aliyesahau dozi asimeze mbili kesho yake ili kufidia.

Yanaonekana mambo ya jikoni, lakini ndani yake mna maadili. Mgonjwa anapokaribishwa kwenye mfungo wa siku saba, akasema "mimi nitaomba nanyi, lakini nitakula," anahitaji ujasiri, na sisi tunaweza kuurahisisha au kuufanya mgumu. Tukimtazama kama Mkristo wa daraja la pili, tutamfundisha kudanganya: atafunga kwa aibu, au atameza dawa kwa kificho. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mara nyingi anayeficha amefichishwa na walio karibu naye. Usharika ambao mtu hawezi kutaja dawa yake mbele yake una dhambi ya kutubu.

Historia ya dawa hii inatufundisha kitu juu ya vipawa vya Mungu. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani na Kanada walikuwa wakifa kwa kutokwa damu baada ya kula majani makavu yaliyooza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakaipata kemikali iliyosababisha vifo hivyo, na kutokana na kazi hiyo ikatengenezwa warfarini, ambayo mwaka 1948 ilianza kuuzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya binadamu. Kilichouzwa kama sumu ya panya leo kinawalinda watu na kiharusi, na tofauti iko kwenye kipimo. Zipo dawa mpya zisizohitaji kipimo cha INR, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2022, wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha kwamba kwa wale ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya rumatiki, dawa hii ya zamani iliokoa maisha zaidi kuliko dawa mpya iliyolinganishwa nayo. Hatuoni sababu ya kumshukuru Mungu kwa mvua na kunyamaza juu ya hili.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni fedha. Baadaye tuligundua kwamba mama yetu alikuwa ameanza kuruka vipimo kabla ya ushuhuda ule. Nauli ya kwenda na kurudi hospitali pamoja na gharama ya kipimo vilikuwa vikishindana na ada ya mtoto wake wa mwisho. Alipima, akaona mtoto ana haki zaidi. Je, alikosea? Hatuwezi kumhukumu. Mama anayejinyima kwa ajili ya mwanawe ametenda kwa upendo. Lakini hesabu yake ilikuwa na pengo: yeye mwenyewe alikuwa sehemu ya mahitaji ya mtoto yule. Leo mtoto amebaki nyumbani kumwogesha mama. Mwili wake haukuwa mali yake peke yake ya kutoa. Alikuwa wakili tu, kama sisi sote tulivyo mawakili wa miili tuliyokabidhiwa.

Na pengo lile halikuwa lake peke yake. Alipokuwa akipima kati ya nauli na ada, sisi tulikuwa wapi? Jumuiya yetu huchanga bila kusitasita kwa msiba: turubai, chakula, jeneza. Tungechanga sehemu ndogo ya fedha hizo kwa nauli ya kliniki, huenda asingehitaji mwujiza wa haraka. Tunashawishika kuamini kwamba alivitupa vidonge si kwa imani tu, bali pia kwa kuchoka kuvigharimia, na ushuhuda ukampa njia ya heshima ya kuviacha. Paulo anapowaandikia Wagalatia juu ya kubebeana mizigo, hatumsikii akisema mzigo huo ni jeneza tu.

Ndiyo sababu tumeanza mambo machache. Mzee wa jumuiya sasa anajua tarehe za kliniki za wagonjwa waliokubali kuzitaja, na mfuko wa diakonia unatoa nauli. Walimu wa shule ya Jumapili wameombwa wasipuuze mtoto anayelalamika koo pamoja na homa, bali wawashauri wazazi wampeleke zahanati, kwa maana koo lililotibiwa mapema linaweza kuokoa moyo wa miaka 20 ijayo. Na mtu akisimama kushuhudia uponyaji, tunamshukuru Mungu pamoja naye, kisha mmoja wetu anajitolea kumsindikiza akapimwe.

Bado tunaombea uponyaji, na kwa bidii. Lakini tumejifunza tena habari ya mwiba wa Paulo, aliyeomba mara tatu na haukuondolewa, wala hakuhesabiwa kuwa mtu wa imani haba. Wengine miongoni mwetu watakufa wakiwa bado wanameza vidonge. Nao watakuwa wamekufa katika Bwana.

Mama yetu hukaa benchi la mbele sasa. Maneno yamemrudia, polepole. Wiki chache zilizopita tulimwuliza tumwombee nini. Alifikiri kidogo, akasema: "Mniombee nisisahau dawa ya jioni." Tukasimama, tukaomba hivyo.