Mto na Njia Yake

Mto Pangani huteremka kutoka Kilimanjaro na Meru hata Bahari ya Hindi, na karibu na mwisho wa safari yake hupita kando ya mashamba ya mkonge, mmea ulioletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893. Sheria ya mwaka 2009 yasema maji ni mali ya umma. Walakini kijana atakaye kuogelea katika kilindi kilichofichwa na miti (mamba, wasioomba ruhusa ya mtu, ni hofu nyingine) aweza kurudishwa na mlinzi wa shamba. Maji hakunyimwa, amenyimwa hatua za kuyafikia. Mwenye shamba ana hoja: moto huunguza mkonge, na miche hukanyagwa. Hoja hiyo yatosha kumtaka mpitaji adabu; haitoshi kuufunga mto. Ujia mwembamba wa mpakani ungemgharimu safu moja ya mkonge.